Moto wa Pili

Nilipoingia kwenye karakana ya kaka yangu pale Ikwiriri, kitu cha kwanza nilichokitafuta ni harufu. Nilikulia ndani ya harufu ya oili chafu inayoungua kwenye chuma cha moto. Ilikuwa kwenye nywele zangu, kwenye kanga za mama, hata kwenye wali tuliokula mchana. Kwa Kaka Shabani sikuikuta. Nilinusa vumbi la mashine ya grenda, nikanusa rangi ya kupuliza, nikanusa chipsi za kibanda cha jirani. Karibu na jiko kulikuwa na karai kubwa la maji, basi. Mkononi nilikuwa na nusu ya panga ndani ya mfuko. Nusu nyingine iliruka siku mbili kabla yake, uani kwangu Kibiti, nilipokuwa napasua kuni, ikampata binti yangu Rehema juu ya nyusi. Rehema ana miaka minne. Alishonwa nyuzi nne, na mganga wa zahanati aliyemshona aliniambia kwamba kile chuma kingeshuka kidogo tu, tungekuwa tunazungumza habari za jicho. Panga lenyewe nilipewa zawadi na kaka yangu huyohuyo, wakati wa Idi.

Nilikuwa nimevumilia. Msimu uliopita panga lake lilimkatikia jirani yangu akifyeka shamba la ufuta, nikampigia simu kaka, akasema ataangalia. Baadaye likamkatikia shemeji yangu, nikampigia tena, akasema huyo hajui kushika panga. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya uso wake. Nikamwonyesha pale lilipokatikia: chembe kubwa zinazong'aa kama chumvi ya mawe. Akatupa jicho mara moja, akarudi kwenye mashine yake. "Mama Rehema, umepiga fundo la mti," akaniambia. "Chuma ni chuma." Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama baada ya kulizima kwenye maji analirudisha lile panga motoni. Akacheka kidogo, akasema hayo ni mambo ya kizamani, ya kukaa gizani kutazama rangi na watoto. Kisha akaniuliza kama nimekula. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha. Sikupiga kelele. Nilichukua nusu panga langu nikatoka, na kabla sijafika barabarani nilikuwa nimeshajua ninakwenda wapi, kwa sababu huyo mtoto aliyekuwa akikaa gizani kutazama rangi ni mimi.

Baba yetu alikuwa mhunzi kule Mkongo. Watu walimwita Fundi Mkumba, na banda lake la makuti lilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa kuelekea mabonde ya mpunga. Lilikuwa banda lisilo na dirisha. Mlangoni alitundika magunia mawili ya katani, moja juu ya jingine, na mchana wa jua kali ukiingia mle ndani ulikuwa kama umeingia shimoni: macho yanakataa kwanza, halafu unaanza kuona jiko, fuawe ya kupigia chuma, mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, na pipa lililokatwa katikati lililojaa oili chafu aliyokuwa akiiomba kwa mafundi wa malori. Wageni walidhani anaficha dawa. Hakuwa na dawa yoyote. Alisema rangi ya chuma haionekani juani, na mhunzi anayefanya kazi juani anabahatisha.

Chuma chake kilikuwa majani ya springi za malori. Watu walimletea nondo, walimletea mabomba, akawarudishia kwa adabu, akiwaambia nondo ukiipiga itakuwa na sura ya kisu lakini haitakuwa na moyo wa kisu. Utaikunja kwa muhogo. Springi ndiyo ilikuwa na kitu ndani yake. Ila springi nayo ilikuwa na masharti. Aliipiga ikiwa na rangi ya chungwa lililoiva, na ikianza kufifia kuwa nyekundu nzito aliirudisha motoni, hata kama lilikuwa limebaki pigo moja tu. Ikitokea makaa yamezidi, chuma kikaanza kutoa cheche nyeupe kama kijiti cha baruti, alikikata kile kipande akakitupa. Alisema kimeshaungua ndani, na hakuna nyundo ya kukiponya. Akimaliza kukipa umbo alikilaza kwenye majivu ya moto, akakiacha humo mpaka kesho yake kipoe polepole. Mimi nilikuwa naona ni uvivu. Nilikuwa na miaka tisa, nikitaka kila kitu kiishe leo.

Kesho yake ndiyo kazi yenyewe. Nilivukuta mivukuto kwa mikono miwili, kulia, kushoto, kulia, kushoto, jasho likinitiririka mpaka kwenye kitovu, huku Baba akilipitisha panga juu ya makaa taratibu likolee sawasawa toka shina mpaka ncha. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kwenye kijiti. Aliigusisha kwenye panga, likiishika sumaku, bado. Likifika pahala halitaki tena kuishika, hapohapo alilichovya kwenye oili. Moshi ulipanda mweusi, oili ikanguruma, ikatulia. Hakutumia maji kwa springi. Alisema maji yanakitisha chuma mno, kinapasuka nyufa ambazo huzioni mpaka siku kikuumize.

Panga likitoka kwenye oili ni gumu mno. Ukilipitisha tupa inateleza na kulia, haing'ati hata chembe. Mtu asiyejua atafurahi, atasema nimepata panga. Baba aliniambia hapo bado hatujapata panga, tumepata chupa. Liangushe kwenye jiwe uone. Ndiyo maana kulikuwa na moto wa pili. Alilisugua kwa mchanga mpaka likang'aa, akalilaza juu ya kipande kinene cha chuma kilichopashwa, mgongo wa panga chini, makali juu, na hapo tukangoja. Baada ya muda rangi zilianza kupanda. Kwanza manjano hafifu kama nyasi kavu. Halafu manjano ya asali. Halafu kahawia, ikifuatwa na zambarau kama ya bilinganya, mwisho buluu. Kisu cha kuvunia mpunga, ambacho kinataka ukali na hakipigwi kwenye kitu kigumu, kilitolewa kwenye rangi ya asali. Panga la kufyekea lilingoja zambarau. Panga la wakata mikoko, ambalo linapigwa kwenye mti mgumu kuanzia asubuhi, lilingoja zambarau ianze kugeuka buluu. Ukichelewa kidogo makali yanalegea. Ukiwahi, linabaki chupa.

Sasa niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halikusemwa. Baba alikuwa haoni rangi. Mwanga alikuwa akiuona, na umbo la chuma chekundu aliliona, lakini ukungu ulikuwa umemwingia machoni, na zile rangi za moto wa pili, ambazo ni nyembamba kama mafuta juu ya maji, zilikuwa zimemtoka. Ndiyo sababu aliniita mimi. Mama alipinga, na majirani walisema mtoto wa kike anaharibu chuma, kwamba jiko la mhunzi halimtaki mwanamke. Baba akawajibu kwamba huyu bado ni mtoto tu. Nilikaa karibu naye mpaka mashavu yakawa yanawaka, nikimsomea kwa kunong'ona kama ninayemsomea barua: nyasi, Baba. Nyasi bado. Asali sasa. Inaingia kahawia. Naye hakuuliza mara mbili. Nikisema zambarau, alilitoa.

Kaka Shabani alikuwa na miaka kumi na minane wakati huo, mwenye mikono kama mwiko wa ubwabwa, na nyundo kubwa ilikuwa yake. Alipiga vizuri, siwezi kumnyima hilo hata leo nikiwa na hasira naye. Alipiga kwa mdundo, akiimba, na vijana walikuja kumtazama. Lakini ikifika wakati wa moto wa pili alivaa shati akaondoka. Alisema ile ni kazi ya kukaa, na kazi ya kukaa ni ya wazee na watoto. Nadhani pia alijua kwa nini Baba ameniita mimi na si yeye, na ilimuuma. Mtu mzima mwenye ndevu hawezi kumwomba mdogo wake wa kike amfundishe asali ni ipi na kahawia ni ipi. Mimi nami sikuwa mwema. Siku moja aliniuliza kama mzaha, "Hivi wewe unaona nini hapo?" Nikamwambia naona kitu ambacho yeye hakioni, nikamtolea ulimi. Hakuuliza tena.

Mwaka huo mto Rufiji ulikuwa umefurika vizuri ukarudi kwake, na mpunga ulisimama bondeni kama nywele za mtu mwenye afya. Kila nyumba ilitaka visu vya kuvunia. Zaidi ya hapo wakata mikoko wa Kiongoroni, kule karibu na bahari, waliagiza mapanga kumi na mawili kwa pamoja. Baba alifurahi sana kwa agizo lile, maana lilionyesha jina lake limefika mpaka kwenye maji ya chumvi. Basi katikati ya kazi hiyo Mama akashikwa na homa, na ndege walikuwa wameanza kuuvamia mpunga wetu. Ikabidi mimi niende dunguni. Dungu ni kichanja cha miti chenye paa, unakaa juu yake shambani kutwa nzima ukipiga debe na kurusha udongo kwa kombeo. Nilikaa huko siku sita na shangazi yangu. Nakumbuka sauti za makundi ya kwelea yakipita kama kitambaa kinachochanwa, na nakumbuka nilijiuliza nani anamsomea Baba rangi. Halafu nikasahau, kwa sababu kule kulikuwa na mahindi ya kuchoma na hakukuwa na mivukuto.

Niliporudi, mapanga kumi na mawili yalikuwa yameshaondoka.

Haukupita mwezi, asubuhi moja alikuja mtu wa Kiongoroni. Alikuwa mtu mfupi mwenye chumvi iliyokaukia miguuni, ametoka huko kwa mashua na kumalizia kwa lori. Hakubisha hodi ya nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani, akainua magunia, akaweka panga lililokatika juu ya fuawe. Kwetu ilikuwa hivyo: mwenye kitu kilichomkatikia hagombi na mhunzi, anakiweka kile kipande juu ya fuawe mbele ya watu, na tangu hapo mhunzi haruhusiwi kupiga chuma kingine chochote mpaka ajibu. Inaweza kuchukua dakika, inaweza kuchukua wiki. Nilimwona Kaka Shabani akishusha nyundo yake chini taratibu, kana kwamba ilikuwa yai.

Watu walikuwapo, wanawake waliokuja kuchukua visu vyao na wazee wawili watatu wasiokosa penye moto. Mgeni alisalimia wote kwa heshima, akaulizwa habari za safari, akajibu njema. Kisha akamgeukia Baba. "Fundi, sisi tuliagiza mapanga. Kama tungetaka vioo tungekwenda kwa muuza vioo." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba matatu yamekatika, na la tatu limemchana mwenzake paja, amelazwa ndani hawezi kuingia kwenye maji.

Baba aliomba tupa. Mimi nilimpa. Alikishika kile kipande akakipitisha tupa kwenye mgongo wake, na tupa ikateleza, ikalia. Mle bandani kila aliyejua kazi alielewa. Lile panga halikuona moto wa pili, au liliuona kwa jina tu. Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu, na uso wake ulikuwa umejaa maji bila yeye kulia. Baadaye sana aliniambia ilivyokuwa: Baba aliuliza, "Imefika?" na yeye, asiyejua inafikaje, akajibu, "Tayari." Mara kumi na mbili aliulizwa, na mara kumi na mbili akasema tayari.

Baba alikuwa na kila nafasi ya kusema ni kijana. Akasema, "Ni macho yangu. Sioni rangi tena, na nilikuwa naona aibu kuwaambia." Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina lake ofisini. Wanawake wakasema pole Fundi. Yule mgeni akakaa chini, hasira yake ikakosa pa kusimama. Kesho yake Baba akafunga safari mwenyewe mpaka Kiongoroni, yeye ambaye hakuwahi kupenda maji, ameshikwa mkono kupanda na kushuka mashuani, akayakusanya mapanga yote tisa yaliyobaki na vipande vya yale matatu. Alimtembelea aliyeumia. Aliporudi tukayaingiza yote motoni upya, nami nikamsomea rangi moja baada ya nyingine mpaka koo likakauka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya mwisho. Habari za macho yake zilikwishaenea, na nani atampelekea kipofu chuma? Alibaki kunoa majembe. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na mpaka anakufa ile siku ya bandani haikuzungumzwa nyumbani.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama sifa. Nilisema Baba alikuwa mtu wa kweli, alikubali kosa, alivuka maji kulifuata. Ni kweli yote. Lakini juzi, nikiwa nimempakata Rehema huku damu yake ikikauka kwenye kanga yangu, niliihesabu upya. Baba alimsitiri mwanawe, na kusitiri kule kulimnyima mwanawe jambo moja tu alilokuwa analihitaji, ambalo ni kuketi chini afundishwe. Kaka aliepushwa na aibu, akabaki na ujinga. Akauchukua ujinga ule mpaka Ikwiriri, akauweka kando ya barabara, akaupuliza rangi. Nami niliolewa nikiwa na rangi zangu tano kichwani, sikumwambia mtu, kwa sababu nani alimwomba mwanamke habari za chuma.

Simchukii kaka yangu. Najua anashindana na mapanga ya dukani yanayokuja kwenye maboksi, yamepangwa kama sardini. Najua wateja wanataka king'ae, wanataka leo, na hakuna anayekubali kungoja chuma kilale kwenye majivu. Grenda inamaliza kwa robo saa kazi ya tupa ya asubuhi nzima, na hata kama makali yanaungua yakageuka buluu na kulegea, mnunuzi haoni, rangi imefunika. Huyo kaka ndiye aliyenilipia ada nilipotaka kuacha shule. Yote nayajua. Na bado mwanangu ana nyuzi nne juu ya jicho.

Jioni ile, nilipotoka karakanani, nilikwenda kwa Mama, maana anaishi hapohapo Ikwiriri kwa kaka. Nilitaka asikie kwangu kwamba kesho yake ningempeleka kaka ofisi ya kata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta pindo la kanga yake. "Baba yako alimsitiri mbele za watu," akasema. "Wewe unakwenda kumwanika serikalini." Nikamwambia Rehema naye ni mtoto wa mtu, na walionunua mapanga yale wana watoto wanaocheza uani. Mama hakuniruhusu, ila hakunizuia mlangoni.

Asubuhi nilikuwa ofisi ya kata. Ofisa aliyenipokea alikuwa kijana mpole, alisoma barua yangu mara mbili, akaniuliza kwa upole kama jambo hili si la kumalizwa nyumbani. Nikamwambia lilimalizwa nyumbani miaka kumi na minane iliyopita, na hii ndiyo hesabu ya kulimaliza nyumbani. Akaniuliza kama ninataka fidia. Sitaki. Akasema ombi langu la mwisho si la kawaida kwenye malalamiko, pengine tulifute. Nikamwambia asifute. Akagonga muhuri, akanipa nakala, na nakala yenyewe inasema hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAPANGA YANAYOKATIKA

Mimi, mkazi wa Kibiti, namlalamikia mhunzi mwenye karakana kando ya barabara kuu hapa Ikwiriri. Anauza mapanga ya springi yaliyozimwa kwenye maji bila kurudishwa motoni. Matatu ninayoyajua yamekatika, na moja limemjeruhi binti yangu. Kipande kimeambatanishwa, anayetaka kuhakiki apitishe tupa.

Mlalamikiwa ni kaka yangu wa damu. Naomba hilo lisipunguze chochote, wala lisiongeze.

Naomba azuiwe kuuza panga lolote alilonalo sasa, na ayafuate aliyokwisha kuyauza, kwa gharama na miguu yake mwenyewe, popote yalipofika.

Naomba pia aamriwe kujifunza namna ya kurudisha chuma motoni kabla hajafungua tena. Akisema Rufiji nzima hakuna wa kumfundisha, si kweli. Yupo mlalamikaji. Atafundisha bila malipo, ndani ya banda lenye giza, siku yoyote isipokuwa Alhamisi hii, ambapo mtoto anapelekwa kutolewa nyuzi.